Shule Iliyofuata Maji

"Jana ulikuwa wapi?"

Swali hilo niliulizwa nikiwa darasa la saba, nimesimama mbele ya wenzangu, mikono nyuma, na sikuweza kulijibu. Mimi, ambaye nyumbani niliitwa Kwanini kwa jinsi nilivyomchosha kila mtu kwa maswali. Mimi niliyemuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama samaki nao hufunga Ramadhani, nikatolewa nje mpaka wenzangu walipomaliza kusoma. Nilishindwa na swali ambalo hata mtoto wa chekechea angelijibu. Jana nilikuwa baharini. Kijiji kizima kilijua. Mwalimu Mkuu mwenyewe, kama angegeuza shingo na kuchungulia dirishani, angeuona mchanga mweupe nilikoinama kutwa. Lakini jibu hilo, likitamkwa mbele ya mtu aliyezaliwa milimani huko bara, halikufanana na jibu. "Maji yalikupwa, mwalimu." Haya, na kisha? Maji hupwa kila siku.

Mwalimu Mkuu akanitazama kidogo, akasema, "Kaa. Kesho utanijibu."

Kesho yake nilikuwa baharini tena.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani Mafia kwa Sikukuu ya Idi, na asubuhi moja nikajikuta nimeegemea ukuta wa shule ile nikitafuta mtandao wa simu. Ndivyo ilivyo siku hizi. Kijijini kwetu, kando ya Ghuba ya Chole, mahali pazuri pa kupata mtandao ni ukuta wa nyuma wa shule, na ukipita utakuta watu wazima wamejipanga pale kama wanafunzi waliochelewa, kila mmoja na simu sikioni. Shule ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Madarasa ni mapya, yamepakwa rangi mbili, juu ya bati kuna sola, sakafu ina vigae, na kiwanja kimezungushiwa uzio wenye geti la chuma. Nilipiga simu yangu, nikaimaliza, nikabaki pale pale nimeegemea. Sikumbuki nilikuwa nangoja nini.

Niseme mapema, rafiki yangu, kwamba mimi siwaamini watu wanaosema zamani kulikuwa kuzuri. Huwa nawauliza: kuzuri kwa nani? Chuo kikuu walinifundisha kutilia shaka kila kinachong'aa, na hakuna kinachong'aa kama utoto ukiutazama kutoka mbali. Shule yetu ya zamani ilikuwa inavuja. Tulikaa wanne kwenye dawati la wawili, na darasa la pili walikaa chini kwenye jamvi. Choo cha wasichana kilikuwa na mlango wa makuti uliofika mabegani tu, kwa hiyo ulipokuwa mle ndani ulisalimiana na wapita njia. Sitaki irudi. Lakini kuna kitu cha shule ile ambacho sijakiona mahali pengine popote, na asubuhi ile ukutani kilinijia polepole, kwanza harufu yake, ndipo chenyewe.

Harufu ilikuwa ya chokaa mbichi na nazi. Kuta zetu zilikuwa za mawe na udongo, zikasiribwa kwa chokaa ambayo ilitubaki migongoni, na uliweza kumtambua mwanafunzi wetu sokoni kwa mgongo wake mweupe. Nazi zilikuwa kila mahali. Shule ilikuwa na shamba lake la minazi, na siku ya kuangua tulibeba vichwani, tukaimba, tukaangusha, tukapigwa kidogo, tukaimba tena. Kila Jumatatu ulikuja na ufagio wa chelewa na kidumu cha maji. Ukisahau ufagio, ulifagia kwa kuti bichi, nalo huacha mistari mchangani, kwa hiyo shule nzima ilijua wapi pamefagiwa na msahaulifu. Saa ya mapumziko mama mmoja alileta mihogo iliyochemshwa kwa tui zito, akatupakulia kwenye kipande cha jani la mgomba, na pilipili ya kuchovya. Mpaka leo, nikila muhogo kwenye sahani naona kama kuna kitu kimekosekana, na ni lile jani lililolegea kwa moto na kuacha ladha yake kidogo.

Na mbele ya vyote hivyo ilikuwapo bahari, ambayo darasani hatukuitazama kwa sababu tuliijua kama mtu anavyolijua paji la uso la ndugu yake. Ng'ambo ya maji kilikaa kisiwa cha Chole, na popo wake wakubwa walikuja jioni kula matunda kwetu, wakipiga mbawa zao taratibu kama watu wanaokung'uta shuka.

Kina mama wa kwetu wakati ule walilima mwani. Labda wewe hujawahi kuuona unavyolimwa, kwa hiyo nitakueleza. Unapigilia vigingi kwenye mchanga wa baharini, unavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba unafunga vitawi vya mwani kwa vikamba vyembamba, kimoja kimoja, mamia kwa mamia. Kisha unauacha ukue. Ila kazi hiyo unaifanya pale tu maji yanapokupwa kabisa na mchanga kubaki wazi, na hilo hutokea siku chache baada ya mwezi kuandama na siku chache baada ya mwezi mpevu. Siku hizo tunaziita bamvua. Bamvua likipita yanakuja maji mafu, bahari inatulia, haiendi mbali wala haiji juu sana, na mwani wako huufikii mpaka bamvua jingine. Usipokwenda bamvua hili, tawi linakuwa zito linakatika, au samaki waitwao tasi wanaingia wanakula. Bahari haikupi siku ya kufidia.

Sasa sikiliza ubaya wake. Huko kwetu, maji ya bamvua hupwa katikati ya asubuhi. Yaani wakati ule ule Mwalimu Mkuu anapoandika ubaoni tarehe na somo.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama. Babu alikuwa ameshafariki, na Bibi kwa utani aliniita mke mwenzangu, akanilaumu kwamba mimi ndiye niliyemmaliza mumewe kwa maswali. Alikuwa na shamba la mwani lenye kamba nyingi kuliko nguvu zake. Kiuno chake kilikuwa kimeshaanza kumsaliti: aliinama vizuri, kuinuka ndiyo kazi. Kwa hiyo yeye alishika kichwa cha kamba, mimi nikafunga. Hakunilazimisha. Aliamka tu, akatia maji kwenye chupa, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akanitazama. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wasichana karibu wote wa darasa langu. Maji mafu tulijaa, bamvua tukayeyuka, tukabaki wavulana na madawati.

Mwalimu Mkuu aliyekuwapo kabla alikuwa mtu wa pwani. Alilijua jambo hili na kulifumbia macho, nasi tulifeli kwa amani. Huyu mpya alitoka bara. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sweta la kijivu alilolivaa hata kwenye joto, kwa sababu, tulisema, alikuwa ameizoea baridi ya kwao mpaka akawa anaingojea hata huku. Viatu vyake vya ngozi vilijaa mchanga, na kila mapumziko alikaa kwenye ngazi akivikung'uta, kimoja baada ya kingine, kwa subira ya mtu anayetekeleza adhabu. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: darasa lile la saba lazima lifaulu. Mwaka uliotangulia hakuna msichana hata mmoja wa shule yetu aliyekwenda sekondari.

Baada ya kukuta kila bamvua tumetoweka, alikoma kutuuliza. Akatangaza darasani: "Jumatatu ijayo, saa nne, nitakwenda mwenyewe pwani. Nitazungumza na mama zenu hapo hapo kazini. Waambieni wanisubiri."

Hakuna aliyemwambia kitu. Watu baadaye walidhani tulimfanyia makusudi, lakini sivyo. Hatukujua kwamba duniani kuna mtu mzima asiyejua. Kwetu kufahamu kwamba Jumatatu ijayo saa nne bahari itakuwa imejaa ilikuwa kama kufahamu kwamba usiku kutakuwa na giza. Tulidhani ana sababu yake. Walimu huwa na sababu zao.

Jumatatu ilipofika, akashuka pwani na mwavuli wake, shati limechomekewa. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mizizi ya mikoko, yametulia, mazuri, hayana mtu. Aliyekuwapo ni jirani yetu peke yake, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, ameketi kivulini anasuka ukili wa mkeka. Yaliyotokea nimeyasikia kutoka kwake mara nyingi mno, na kila mara huigiza sauti zote mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Hapana. Nawatafuta kina mama wa mwani."

"Wa mwani? Wako majumbani mwao wanapika."

"Mbona wiki iliyopita, saa kama hizi, walikuwa hapa hapa?"

"Mwalimu," alisema jirani, akiendelea kusuka, "wiki iliyopita saa kama hizi hata bahari yenyewe haikuwa hapa."

Anasema mwalimu aliyatazama maji muda mrefu. Kisha akauliza watakuja lini. Jirani akamwambia mwezi ukikua. Akauliza saa ngapi. Jirani akamwambia maji yakipwa. Akauliza hiyo ni saa ngapi kwa saa ya mkononi. Hapo jirani akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi. "We mwanangu, ungetaka uonane nao leo, ungelivua hilo sweta upige mbizi, ukawafundishe huko huko chini."

Kijiji kilikula hadithi hiyo kama kashata. Watoto wadogo walikuwa wakikutana njiani, mmoja anauliza, "Mama zenu wako wapi?" mwingine anajibu, "Wamepiga mbizi." Ningekuwa mimi, ningeomba uhamisho. Yeye aliingia darasani siku ya pili, akafuta ubao wote, akaweka chaki mezani. "Nielezeni hayo maji," alisema. "Kuanzia mwanzo. Na asinicheke mtu mpaka nimalize kuelewa, ndipo mcheke wote pamoja."

Tulimweleza, kila mtu kwa kelele zake. Tulipomaliza akasema, "Chekeni sasa." Tukacheka. Nami nikawaza, kwa mara ya kwanza, kwamba kuuliza si tabia mbaya ya mtoto asiye na adabu, kwa sababu mtu mzima mwenye sweta alikuwa anauliza na mbingu hazikuanguka.

Bamvua lililofuata alikuja tena, na safari hii bahari ilikuwa imekwenda kwao. Alikunja suruali, akaacha viatu mchangani, akaingia peku. Tulimwona kwa mbali anavyokuja, akinyanyua miguu juu kama korongo, na kabla hatujawahi kumpigia kelele akakanyaga wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Hakulia. Alikaa tu chini, kwenye maji, na shati lake na yote.

Bibi ndiye aliyemtibu. Alituma mtu akaletewa papai bichi, akamketisha kwenye mtumbwi uliopwelewa mchangani, akaushika mguu wa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi akauweka mapajani, akaanza kudondoshea utomvu penye kila mwiba. Mimi nilikuwa nyuma na kamba yangu, masikio yote yako huko.

"Mama," alisema mwalimu, amekunja uso, "huyu mjukuu wako ana akili."

"Ana maswali. Akili bado hatujaiona. Tulia, usitikise mguu."

"Nataka afike sekondari."

"Nani kasema mie sitaki? Mie nataka. Na mwani nao unataka. Sasa tumkate katikati?"

"Mnaamka saa ngapi?"

"Alfajiri. Tunaswali, tunakaa, tunangoja maji."

Mwalimu akakaza meno mpaka mwiba mmoja ulipotoka. "Basi huo muda wa kungoja maji nipeni mimi. Kuanzia swala mpaka maji yatoke. Yakitoka nawaachia. Yakijaa wanarudi kwangu."

Bibi alimtazama, kidole kimelowa utomvu. "Kwa hiyo unataka kugawana watoto na bahari."

"Ndiyo mama."

"Na ukizidiwa?"

"Nimeshazidiwa," alisema, akiuonyesha mguu, na kina mama wote wakacheka, kazi ikasimama.

Ndivyo lilivyoanza darasa la kabla ya mwanga. Siku za maji mafu tulisoma kama shule nyingine zote. Bamvua likiingia, darasa la saba lilikwenda shuleni mara baada ya alfajiri, njia ikiwa bado ya buluu, umande kwenye majani, majogoo wanashindana na mwadhini wa msikiti wa pili ambaye siku zote alichelewa. Tulipitia nyumba moja moja tukiitana kwa sauti za chini. Wengine walikuja wameshika kipande cha mkate wa kumimina, wengine na chupa ya chai ya mchaichai, na tulipopeana chupa ile mkono kwa mkono joto lake lilikuwa kama la kitu kilicho hai.

Taa hatukuwa nazo, na ubao haukuonekana. Kwa hiyo saa nzima ya mwanzo tulisoma kwa masikio. Mwalimu alisimama mahali fulani pale mbele, sweta lake sasa lina maana, akauliza hesabu za kichwa, miji mikuu, sehemu za ua, kisha akangoja. Na hapo kilitokea kile ambacho sijakiona mahali pengine. Wasichana ambao mchana hawakuwahi kunyoosha mkono walianza kujibu. Gizani hakuna aliyejua nani kasema. Ukikosea, kosa lilikwenda zake bila jina. Ukipatia, mwalimu alisema "Vizuri," akiielekeza hewani, na kila mmoja wetu akaipokea kidogo. Nilikuwa na rafiki niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na sikuwahi kujua kwamba ana sauti nene, nzuri, kama ya mtu anayesoma taarifa redioni. Niliijua gizani.

Kisha mwanga ukaingia. Haukuja ghafla. Kwanza dirisha, halafu ukingo wa dawati, halafu mikono yetu, halafu ubaoni zikaanza kutokea namba alizoziandika jana yake, moja baada ya nyingine, kana kwamba zilikuwa zinarudi kutoka safari. Tulijiona tena. Tukarudi kuwa wenye haya. Na kutoka pale darasani tulisikia bahari inavyojiondoa, sauti ndogo ya kunyonya, mpaka Mwalimu Mkuu alipoweka chaki chini na kusema maneno niliyoyapenda kuliko yote aliyowahi kusema: "Zamu ya mwenzangu."

Naulizwa wakati mwingine nimejifunza wapi kubishana. Watu hudhani chuo kikuu. Chuo kikuu taa zilikuwa zinawaka mno.

Lakini mtihani wa taifa haukufuata maji. Bibi, ambaye hakuwa na kalenda, alihesabu miezi kwa vidole, akaniambia mapema, "Siku zenu hizo ni bamvua kubwa, mke mwenzangu." Na mwani wetu ungekuwa umekomaa, kamba zote, wa kuvunwa na kufungwa upya siku hizo hizo. Ndio uliotulisha, na ndio ungeninunulia sare za sekondari kama ningefaulu. Mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo nikienda mtihani tunapoteza mwani, na nikienda mwani ninapoteza kila kitu kingine. Majirani walikuwa na kamba zao wenyewe, bamvua halina mtu wa ziada. Bibi hakusema niende wala nisiende. Kwa wiki kadhaa tulikuwa watu wawili nyumbani wanaohesabu mwezi, kila mmoja kivyake.

Asubuhi ya mtihani niliamka nikamkuta amekwisha kujifunga kanga ya pili. Sare yangu ilikuwa imefuliwa na kukunjwa chini ya godoro mpaka ikanyooka kama karatasi. Akaniwekea chai. "Nenda," alisema. "Mwani wataula tasi. Na tasi nao ni viumbe."

Akatoka na ndoo yake, anatembea ubavu ubavu.

Mtihani unaujua ulivyo. Walimu wetu walitakiwa wasionekane karibu na shule siku zile mbili. Walikuja wasimamizi tusiowajua kutoka shule nyingine, na askari mmoja aliyesinzia mlangoni kwa heshima kubwa. Nilikaa peke yangu kwenye dawati kwa mara ya kwanza maishani, nikaona ni kubwa mno. Katikati ya asubuhi nilisikia bahari inakwenda. Hakuna aliyeweka chaki chini. Nilijaza majibu, na kati ya swali na swali nilimwona Bibi ameinama, na sikumwona akiinuka.

Siku ya pili tulipotoka nilikimbia moja kwa moja pwani na sare yangu. Maji yalikuwa yanarudi, yameshafika magotini, lakini maji yetu ni maangavu, unaona mpaka chini. Kamba zote zilikuwa zimefungwa. Zote, mpaka ile ya mwisho ya upande wa mkondo tuliyokuwa tukiiacha kila mara. Nilisimama nikizitazama zinavyocheza. Nyumbani nilimkuta Bibi amelala kifudifudi na chupa ya maji ya moto kiunoni.

"Bibi, nani kafunga?"

"Kafunga aliyefunga."

"Peke yako? Kamba zote zile?"

"Umetoka kufanya mtihani au umekuja kunitungia mwingine?"

Mtu aliyeitwa Kwanini alipaswa kuendelea. Sikuendelea. Niliogopa jibu. Wiki ile ile nilipelekwa mjini Kilindoni kwa shangazi kungoja matokeo, nikafaulu, nikaenda sekondari, kisha mbali zaidi, na kila nilipoketi darasani popote nilibeba picha ile ya mwanamke aliyeinama kwa siku mbili kwa ajili yangu. Kiuno chake hakikunyooka tena. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nami nikafika siku moja baada ya maziko.

Mwalimu Mkuu alishahamishwa zamani, kurudi bara, kama walimu wanavyohamishwa. Aliyemfuata alirudisha masomo ya kuanza saa moja asubuhi kwa wote. Kisha mwani wenyewe ukaanza kuharibika: ulipauka, ukawa laini, ukakatika kabla haujakomaa, na wataalamu wanasema ni maji yamezidi joto. Kamba zikabaki chache, nyingi hazina kitu. Siku hizi bamvua likifika, wasichana wote wako darasani, na hilo ni jambo jema, nalisema bila kinyongo. Wana vitabu, wana uji wa saa nne, wana choo chenye mlango mzima. Niliwauliza watoto wawili waliokuwa wakicheza nje ya geti: leo ni bamvua au maji mafu? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mpaka tuulize." Nilicheka. Walikuwa wanajua mambo mengi nisiyoyajua mimi, na moja walikuwa wameshaliacha lipite, bila mtu kuwanyang'anya.

Nilimsimulia jirani haya jioni ile ile, tunamenya vitunguu uani kwake. Amezeeka, ulimi bado mwepesi. Nikamwambia huwa siipiti pwani ile bila kumwona Bibi na kamba zake zote, peke yake, siku zile mbili za mtihani wangu.

Akaacha kumenya. "Peke yake? Na kiuno kile? Wewe nani kakwambia alikuwa peke yake?"

"Sasa alikuwa na nani?"

"Kwani Mwalimu wako alikuwa na kazi gani siku zile? Si alifukuzwa shuleni kwake mwenyewe asiwaone? Alishuka pwani asubuhi zote mbili na suruali yake imekunjwa. Bibi yako alikaa kwenye mtumbwi anamfokea, yeye anafunga. Looo, alimfokea! Tukakatazwa wote kusema. Bibi yako alisema mtoto akijua mwalimu kamfungia mwani hatamwogopa tena."

Niliomba anieleze upya, polepole, akanieleza. Na aliponiona natokwa na machozi akasema ni vitunguu, kwa kunisitiri, halafu akaongeza kile alichosahau: kwamba mafundo ya mwalimu yalikuwa mabaya ajabu, alifunga kama anayefunga kamba za viatu, na bamvua lililofuata, mimi nikiwa Kilindoni, Bibi aliyafungua yote akayafunga upya, moja moja, hakumwambia mwalimu.